Sadaka Isiyokatika: Jinsi ya Kuitolea Maktaba ya Umma



Watu wengi wasikiapo neno sadaka hufikiri mara moja juu ya chakula apewacho mwenye njaa, nguo avishwayo yatima, au sarafu itiwayo mkononi mwa maskini. Yote hayo ni mema, na Uislamu umeyasisitiza sana. Walakini iko njaa nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni njaa ya elimu. Kijana aliyemaliza shule na hana tena kitabu cha kusoma. Mama anayetaka kujua ugonjwa wa mtoto wake. Mtafutaji wa haki anayependa kulinganisha dini na dini bila kushurutishwa na mtu. Hao wote wana njaa, na nyumba inayowalisha ni maktaba ya umma.

Nia ya somo hili ni kueleza namna Mwislamu awezavyo kuitolea maktaba ya umma, kitu gani chafaa kutolewa na kipi hakifai, na kwa adabu gani. Twaliandika hasa kwa ajili ya ndugu walioingia katika Uislamu karibuni na kwa ajili ya wale wanaoendelea kuuchunguza, kwani mara nyingi hao ndio wanaouliza: “Mimi si tajiri. Je, nami nina nafasi katika jambo hili?” Jibu letu ni ndiyo, tena nafasi kubwa.

MSINGI WAKE KATIKA DINI

Wahyi wa kwanza kabisa aliofunuliwa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ulianza kwa amri ya kusoma, na katika aya hizo hizo za Sura Al-Alaq Mwenyezi Mungu akaitaja kalamu kuwa ni njia aliyomfundishia binadamu. Baada ya vita vya Badr, imesimuliwa kwamba mateka waliojua kuandika, nao hawakuwa na mali ya kujikomboa, waliachiliwa kwa sharti la kuwafundisha watoto wa Madina kusoma na kuandika. Tafakari, ndugu: watu waliokuja kuua Waislamu walikubaliwa kuwa waalimu wa watoto wa Waislamu! Hivyo ndivyo elimu ilivyothaminiwa.

Tena Mtume Mtukufu s.a.w. ametufahamisha ya kwamba mtu akifa matendo yake hukatika, ila mambo matatu huendelea kumletea thawabu: sadaka yenye kudumu, elimu iliyoachwa ikawafaa watu, na mtoto mwema amwombeaye mzazi wake. Sasa mwenye kukiweka kitabu chenye manufaa katika maktaba ya umma ameyaunganisha mawili ya kwanza kwa tendo moja. Sadaka yake hudumu, kwa kuwa kitabu husomwa na mtu baada ya mtu. Na kinachodumu ndani yake ni elimu.

Sheria ya Kiislamu ina jina maalumu la sadaka ya namna hii, nalo ni wakfu. Sayidna Umar r.a. alipopata shamba zuri huko Khaibar alimwendea Mtume Mtukufu s.a.w. kutaka shauri lake. Alishauriwa aizuie asili yake na kuyatoa mazao yake kuwa sadaka. Kwa hiyo shamba lile halikuuzwa, wala halikutolewa zawadi, wala halikurithiwa. Bali mazao yake yaligawiwa maskini, jamaa, wasafiri na wengineo, naye msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa kiasi. Sifa hizo zafanana mno na maktaba: kitabu hakiuzwi wala hakirithiwi, faida yake ni ya wote, naye mkutubi anayekitunza hupata riziki yake kwa halali.

MUUZA MATUNDA WA MERV

Labda utasema kwamba wakfu ni jambo la wafalme. La! Mwanachuoni Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa kamusi kubwa ya nchi na miji, aliishi katika mji wa Merv, ambao mahame yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan. Ameandika kwamba alikuta huko hazina kumi za vitabu vilivyowekwa wakfu. Mojawapo, iliyokuwa katika msikiti mkuu, ilikuwa na juzuu kiasi cha 12,000. Na mtu aliyeiweka wakfu, kwa maelezo ya Yaqut mwenyewe, hapo mwanzo wa maisha yake alikuwa akiuza matunda na majani ya kunukia katika soko la mji ule ule, kisha akapanda cheo akawa mtumishi katika jumba la Sultani. Hakusahau soko alilotoka, wala hakuwasahau wale wasioweza kununua vitabu.

Yaqut asema pia kwamba wasimamizi wa hazina zile walikuwa wapole kiasi kwamba nyumbani kwake hazikukosekana juzuu 200 au zaidi za kuazima, nyingi katika hizo bila ya kuweka rehani.

Basi mwaka 1219 Yaqut aliondoka Merv akiwakimbia Wamongolia, na mwaka 1221 mji ukatekwa na kuteketezwa. Je, sadaka ya yule muuza matunda ilipotea? Haikupotea. Yaqut amekiri kwamba faida nyingi zilizomo katika kamusi yake alizichuma katika hazina zile za Merv, na kamusi hiyo ingali ikisomwa na wanachuoni hadi leo, baada ya miaka mia nane. Rafu ziliungua, lakini elimu iliyokuwa imekwisha kuingia katika moyo wa msomaji mmoja ilivuka mipaka ikaokoka. Hii ndiyo maana ya sadaka isiyokatika.

BABA NA MWANA WA PATNA

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi kwa wakati. Katika mji wa Patna, India, palikuwa na wakili Mwislamu jina lake Muhammad Bakhsh, aliyekusanya miswada 1,400 ya vitabu vya zamani. Alipokaribia kufa mwaka 1876 alimwusia mwanawe, Khuda Bakhsh, aiongeze hazina ile na kuifungua kwa watu wote. Mwana naye alikuwa wakili, na fedha alizopata kwa kazi yake alizitumia katika kutimiza wasia huo. Mwaka 1891 maktaba ilifunguliwa kwa umma ikiwa na miswada 4,000 hivi, mingi ya Kiarabu na Kiajemi, pamoja na jumba lake, na vyote akavitoa kwa hati ya wakfu.

Imesimuliwa kwamba aliwahi kuletewa ahadi ya fedha nyingi mno kutoka Makumbusho ya Uingereza, London, ili auze hazina ile, naye akakataa, kwa kuwa aliona imekwisha kuwa haki ya watu wa Patna. Khuda Bakhsh alifariki mwaka 1908 akazikwa katika uwanja wa maktaba yenyewe. Mwaka 1969 Bunge la India lilipitisha sheria ya kuitambua maktaba hiyo kuwa taasisi yenye umuhimu wa kitaifa, na mpaka sasa wanafunzi huiendea.

Tazama mambo matatu katika habari hii. Kwanza, baba alianza na mwana akamaliza; maana sadaka kubwa si lazima iishe katika umri mmoja. Pili, palikuwa na hati iliyoandikwa, si maneno matupu. Tatu, mtoaji alipokwisha kutoa, hakuirudia mali yake hata alipoletewa bei kubwa. Mambo haya matatu tutayahitaji katika maelezo yanayofuata.

NJIA ZA KUTOA

1. Vitabu. Hii ndiyo njia ijulikanayo zaidi, nayo ndiyo inayokosewa zaidi. Wako watu wanaosafisha nyumba, wakatia katika gunia vitabu vilivyoliwa na mchwa, magazeti yasiyo na mwanzo wala mwisho, na vitabu vya shule vilivyokwisha kuachwa, kisha wakalibwaga gunia mlangoni pa maktaba na kujihesabu kuwa wametoa sadaka. Kurani Tukufu inatukataza jambo hili waziwazi. Katika Sura Al-Baqarah, aya ya 268 (kwa hesabu inayoanza na Bismillahi), tumeamriwa kutoa katika vizuri tulivyovichuma, wala tusikusudie kutoa vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kuyafumba macho. Na katika Sura Aali Imran, aya ya 93, tumeambiwa kwamba hatutaufikia wema mpaka tutoe katika vile tuvipendavyo. Aya hiyo iliposhuka, sahaba Abu Talha r.a. alikitoa kitalu chake alichokipenda kuliko mali yake yote.

Kwa hiyo jiulize: kitabu hiki ningempa rafiki yangu bila kuona haya? Kama jibu ni hapana, basi maktaba nayo usiipe. Tena fahamu kwamba kila kitabu kinachopokewa kina gharama. Lazima kiandikwe katika rejista, kipigwe mhuri, kipewe namba ya somo lake, kitiwe katika orodha, na kitafutiwe mahali katika rafu. Kitabu kimoja chenye ukungu chaweza kuviambukiza vingine. Na kitabu cha dawa cha miaka arobaini iliyopita chaweza kumdhuru msomaji asiyejua kwamba mambo yamebadilika. Ndiyo sababu maktaba nyingi hujihifadhia haki ya kuchagua, na kile kisichofaa hukigawa kwingine, hukiuza, au hukitupa. Mtoaji asikasirike kwa hilo.

Basi njia iliyo njema ni kumwendea mkutubi kwanza, mikono mitupu, ukamwuliza: “Wasomaji wenu wanatafuta nini wasipate?” Huenda akakutajia vitabu vya watoto, kamusi, vitabu vya mtaala wa sasa, vitabu vya kilimo, au hadithi za Kiswahili ambazo nakala zake zimechakaa kwa kusomwa sana. Nunua kimoja katika hivyo. Kitabu kimoja kilichoulizwa na watu kumi ni bora kuliko gunia lisiloulizwa na mtu.

2. Fedha. Maktaba nyingi hupendelea fedha kuliko vitabu, na sababu yake ni wazi: kwa fedha mkutubi hununua kile kinachokosekana, tena akinunua nakala nyingi aweza kupunguziwa bei. Fedha hutolewa kwa namna mbili. Waweza kutoa bila masharti, maktaba ikazitumia palipo na haja kubwa; au waweza kutaja kazi yake, kwa mfano vitabu vya watoto tu. Namna ya kwanza husaidia zaidi, kwani paa linalovuja halingoji mpaka apatikane mtu apendaye kutoa kwa ajili ya paa. Vyovyote uchaguavyo, toa katika ofisi, wala usimpe mtu mkononi njiani, na ushike stakabadhi. Kuomba stakabadhi si kumshuku mwenzio. Ni kumlinda yeye na wewe.

3. Malipo ya magazeti na majarida. Kitabu kikinunuliwa mara moja hukaa. Lakini gazeti na jarida huhitaji kulipiwa kila mwaka, na bajeti ikipungua hukatwa kabla ya mengine. Watu watano au sita waweza kushirikiana kuilipia maktaba jarida moja la afya, la kilimo au la sayansi kwa mwaka mzima. Hapa hutimia usemi wa wazee wetu kwamba haba na haba hujaza kibaba.

4. Vifaa na matunzo. Wasomaji huhitaji viti, meza, taa na feni; vitabu huhitaji rafu imara, gundi, majalada mapya na dawa ya mchwa. Siku hizi yahitajika pia kompyuta na umeme wa kuziendesha. Kabla ya kutoa chombo chochote, uliza kama maktaba inaweza kukitunza, maana kompyuta isiyo na fundi huwa sanduku la kupokea vumbi.

Jambo hili la matunzo lina historia ya kufundisha. Andrew Carnegie, aliyezaliwa Scotland mwaka 1835 akahamia Marekani pamoja na wazazi wake maskini, alifanya kazi kiwandani akiwa mtoto. Katika mji wake alikuwako mtu aitwaye Kanali James Anderson, mwenye vitabu 400 hivi, aliyewafungulia vijana wafanya kazi hazina yake kila Jumamosi ili waazime kitabu kimoja. Carnegie alikuwa mmoja wao. Alipokuwa tajiri mkubwa alitoa fedha zilizojenga maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali. Lakini hakukubali kujenga ila kwa sharti: mji utoe kiwanja, na uahidi kutenga kila mwaka fedha za kuiendesha, zisizopungua sehemu moja katika kumi ya gharama ya jengo. Alijua kwamba jengo lisilo na matunzo hufa upesi.

Hata hivyo, wapo waliouliza: wafanya kazi wa viwanda vyake, ambao ujira wao ulipunguzwa na ambao mwaka 1892 waligoma huko Homestead hata damu ikamwagika, wao walipata nini? Swali hili twaliacha mbele ya Mungu ajuaye nia. Kwetu sisi fundisho ni kwamba aya ile ya Al-Baqarah imetuamuru kutoa katika vizuri tulivyovichuma. Haifai kumnyima mfanya kazi haki yake ili kumnunulia jirani kitabu. Na tazama pia upande wa pili: chanzo cha maktaba zile 2,509 kilikuwa vitabu 400 vya mtu mmoja na Jumamosi zake.

5. Wakati na ufundi. Asiye na mali ana mikono. Seremala aweza kuitengeneza rafu. Fundi umeme aweza kuitazama taa. Mwalimu aweza kuwasomea watoto hadithi siku ya mapumziko. Kijana mwenye macho mema aweza kumsomea kipofu. Mama ajuaye kushona aweza kufundishwa kukarabati majalada. Mweleze mkutubi ufundi wako na saa zako, kisha ufuate utaratibu wake. Lakini ukiahidi saa mbili za Jumamosi, uzitimize, kwani watoto wanaomngoja msomaji wa hadithi asiyefika hujifunza uwongo kabla ya kujifunza herufi.

6. Miswada na karatasi za zamani. Katika pwani yetu zimo nyumba zenye tenzi, barua na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, ambavyo mvua na wadudu huvimaliza mwaka hadi mwaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimehifadhi mkusanyo mkubwa wa miswada ya namna hii, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Asiyetaka kuachana na mswada wa babu yake aweza kuruhusu upigwe picha, nakala ikabaki maktaba na asili ikabaki nyumbani. Hii nayo ni sadaka, wala haimpunguzii kitu.

7. Wasia na wakfu. Mtu aweza kuusia kwamba baada ya kufa kwake sehemu ya mali yake ipewe maktaba. Hapa Mwislamu ana mpaka wake. Sahaba Saad bin Abi Waqqas r.a. alipougua alitaka kuusia mali nyingi, naye Mtume Mtukufu s.a.w. akamzuia asipite theluthi moja, tena akamwambia kwamba hiyo theluthi nayo ni nyingi. Kwani ni bora kuwaacha warithi wakijitosheleza kuliko kuwaacha wakiombaomba. Kwa hiyo wasia kwa maktaba usivuke theluthi, na haki za warithi zilizotajwa katika Kurani Tukufu zisiguswe. Uandikwe, uwe na mashahidi, na ufuate sheria ya nchi. Tena maktaba ijulishwe mapema, isije ikarithishwa kitu isichoweza kukipokea. Mwenye nyumba au shamba aweza pia kuliweka wakfu wakati wa uhai wake, kodi au mazao yakanunua vitabu kila mwaka. Sadaka itolewayo na mtu mzima wa afya, mwenye kutumaini kuishi na kuogopa umaskini, ina daraja kubwa kuliko ile ingojayo kitanda cha mauti.

MASWALI YA WATAFUTAJI

“Je, naweza kuitolea maktaba zaka yangu?” Zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Sura At-Tauba, nayo hupelekwa mahali pake kwa utaratibu uliowekwa. Kadhalika michango ya lazima ya Jumuiya yetu haibadilishwi kwa sadaka nyingine. Sadaka ya maktaba ni ya hiari, juu ya hayo. Ndugu mpya asianze na ya hiari akaliacha la lazima.

“Maktaba ya umma husomwa na Wakristo, Mabaniani na wasio na dini. Je, Mwislamu hupata thawabu kwa kuwapa hao?” Naam. Katika Sura Al-Baqarah, aya ya 273, Mwenyezi Mungu amefahamisha kwamba kuwaongoza watu si juu ya Mtume, bali Mungu humwongoza amtakaye, na kwamba mali yo yote njema tuitoayo ni kwa faida yetu wenyewe. Mvua haiulizi dini ya shamba. Nasi tunajua uchungu wa kufungiwa mlango. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa fedha za mjane aliyetaka kumkumbuka mumewe, pamoja na msaada wa fuko la Carnegie, kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu. Jengo lilikuwa zuri, lakini wenye nchi walilitazama kwa nje. Ndipo baada ya uhuru serikali zetu zikaweka sheria za maktaba kwa watu wote: Tanganyika mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Anayezitolea maktaba hizi asirudishe kwa mlango wa nyuma ubaguzi uliotolewa kwa mlango wa mbele.

“Je, naweza kuipa maktaba vitabu vya dini yangu?” Swali hili latuhusu sana. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., aliandika vitabu zaidi ya themanini, akatufundisha kwamba jihadi ya zama hizi ni ya kalamu, si ya upanga. Kurani Tukufu pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili ilitolewa na Jumuiya yetu mwaka 1953, na ni jambo jema maktaba zikiwa nayo. Lakini yatupasa tuelewe maktaba ni nyumba ya namna gani. Si msikiti wala si jukwaa letu. Mkutubi akikipokea kitabu chetu atakiweka kando ya kitabu cha padri, na pengine kando ya kitabu kilichoandikwa kutupinga. Tusinung'unike! Mtu mwenye hakika ya dhahabu yake haogopi jiwe la kuipimia. Twatoa nakala nzuri, kwa idhini, kwa idadi inayohitajiwa. Hatuchomeki vijitabu kisirisiri ndani ya vitabu vya watu, wala hatudai vyetu viwekwe mbele. Tena aliye mkweli hataipa maktaba vitabu vya dini yake tu; ataipa pia kamusi na kitabu cha hesabu, ili ionekane kwamba anampenda msomaji na si ushindi wake mwenyewe.

ADABU YA MTOAJI

Katika Sura Al-Baqarah tumeonywa tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimango na maudhi. Na tumefahamishwa kwamba sadaka ya wazi ni njema, na ya siri kwa maskini ni bora zaidi. Si dhambi jina la mtoaji kuandikwa katika jalada, kwani huenda likamwamsha mwingine atoe. Lakini yule anayekwenda kila mwezi kutazama kama jina lake lingali linaonekana, au anayemkaripia mkutubi kwa kuwa kitabu chake kimehamishwa rafu, huyo bado hajatoa. Amekopesha tu, naye anadai riba ya sifa. Ukisha kutoa, achilia mkono. Kitabu si chako tena. Kikichakaa kwa kusomwa, furahi. Kitabu kilichobaki kipya kwa miaka kumi ndicho kilichokufa.

Na kabla ya kutoa lolote, ndugu yangu, tazama katika rafu ya nyumbani kwako. Kama kimo kitabu cha maktaba ulichoazima ukakisahau, kirudishe kesho, pamoja na faini yake. Hiyo ni amana, na amana hutangulia sadaka. Wengi wanaotaka kuwa wafadhili wa maktaba ni wadeni wake.

Wazee wetu wamesema kutoa ni moyo, si utajiri. Katika juma hili nenda maktaba iliyo karibu nawe, umwamkie mkutubi, umwulize lile swali moja: wasomaji wanatafuta nini wasipate? Kisha ufanye uwezalo, liwe kitabu, shilingi, au saa mbili za kazi. Hujui ni nani atakayekisoma kitabu hicho baada yako. Yule muuza matunda wa Merv hakumjua Yaqut. Wala Kanali Anderson hakujua ni mtoto gani katika wale waliosimama mlangoni pake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kitabu kilichowekwa katika maktaba ya umma chaweza kuitwa wakfu?
2. Aya ya 268 ya Sura Al-Baqarah inatufundisha nini juu ya vitabu vilivyochakaa?
3. Kwa nini yafaa kumwuliza mkutubi kabla ya kutoa?
4. Mpaka wa wasia katika Uislamu ni upi, na sababu yake ni nini?
5. Taja sadaka moja ambayo asiye na mali aweza kuitoa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wanaotoa katika wavipendavyo, atutakasie nia zetu, na azifanye nyumba za elimu katika nchi zetu kuwa taa kwa kila atafutaye nuru. Amin.